Kudra, Hila na Hiana: Ulinzi wa Mtawala katika Tawasifu ya Tippu Tip

1.0 Utangulizi

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip ni miongoni mwa maandishi ya nathari ya Kiswahili yaliyotumiwa sana na wanahistoria. Wahakiki wa fasihi wameyagusa kwa nadra zaidi. Mwandishi aliyaandika Unguja kwa hati za Kiarabu katika miaka ya mwisho ya uhai wake, kwa kuhimizwa na Heinrich Brode. Brode aliyageuza katika hati za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na mwaka 1974 François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi. Kazi hizo zote zimeyachukua maandishi haya hasa kama hazina ya habari: njia za misafara, majina ya watemi, bei ya pembe. Suala la jinsi msimulizi anavyojijenga mwenyewe kama mtawala limebaki pembeni.

Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha suala hilo, nacho ni namna tawasifu hii inavyosimulia kuokoka kwa mtawala katika njama za wanaomtakia mabaya. Eneo linalohusika hasa ni kusini ya Maniema. Kabambare palikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji kuelekea mto Lualaba, na Kasongo ndiko Tippu Tip alikoweka makao yake kuanzia yapata mwaka 1875. Hoja inayotetewa ni kwamba hadithi ya Mungu kumlinda mtawala hupata uzito wa kimaadili pale tu ambapo Mungu huyohuyo anamhukumu mtawala huyo. Ikikosa hukumu, inabaki kuwa sifa ya mwenye nguvu. Tawasifu ya Tippu Tip ina ulinzi mwingi na hukumu kidogo sana, na upungufu huo unaweza kuonyeshwa kutokana na maandishi yenyewe.

2.0 Maneno na mapokeo

Ni vema kuanza na maneno. Hiana na haini yote yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuvunja amana, lakini katika matumizi ya Kiswahili yameachana. Hiana ni kosa baina ya watu: baina ya mwenyeji na mgeni, mshirika na mshirika, ndugu na nduguye. Uhaini, kwa matumizi ya sasa, ni kosa dhidi ya dola, na anayelitaja ni mwenye dola. Palipo hiana, pande mbili zinaweza kulaumiana. Palipo uhaini, upande mmoja ndio unaoshtaki na huohuo ndio unaohukumu. Tofauti hii ni muhimu kwa kuwa katika Maniema ya karne ya kumi na tisa dola zilikuwa zikijengwa na kubomoka, na hiana ya jana iliweza kugeuka uhaini wa leo kwa kubadilika tu kwa bendera.

Kuhusu kudra, msomaji wa pwani wa wakati wa Tippu Tip alikuwa na mapokeo yaliyo wazi. Alijua habari ya Makureshi walivyokula njama ya kumuua Mtume, na namna Mtume alivyonusurika katika pango la Thaur huku utando wa buibui ukiwahadaa waliomfuatia. Katika tenzi nyingi za mkondo huu hadhira haina wasiwasi juu ya mwisho. Malaika huleta habari kabla adui hajafika, na kiini cha utamu ni kuona jinsi hila ya adui inavyomrudia mwenyewe.

Lakini mapokeo hayohayo ya pwani yana mfano wa kinyume. Katika hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammed Kijumwa aliitungia utenzi uliokamilika mwaka 1913, mwenye kula njama ni mfalme mwenyewe. Liyongo anatoka kifungoni kwa msaada wa mama yake, ambaye anaficha tupa ndani ya mkate na kumpa kijakazi Saada aupeleke. Hakuna buibui hapa. Ni unga, jiko na mapenzi ya mama. Hatimaye Liyongo anakufa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe aliyeahidiwa cheo na mke, na mwana huyo hafaidi alichoahidiwa. Mtunzi hamlindi shujaa wake dhidi ya hiana, ila anahakikisha kwamba hiana inamhukumu aliyeitenda na aliyeituma.

Mfano wa tatu unajulikana sana Kasongo, ambako misheni ya Mapadre Weupe ilianzishwa mwaka 1903. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, Absalomu anafanya njama dhidi ya babake Daudi, na msimulizi anatamka kwamba Mungu ndiye aliyekusudia shauri la Ahithofeli livunjike. Hata hivyo njia za kulivunja ni za kibinadamu kabisa: Hushai anayejifanya mfuasi wa Absalomu, vijana wawili wanaojificha kisimani, na mwanamke anayefunika kisima hicho kwa kutandaza nafaka juu yake. Mpelelezi na kudra hawagombani katika hadithi hii. Kinachoipa uzito ni jambo jingine. Kabla ya uasi huo nabii Nathani alikwisha kumkemea mfalme usoni kwa damu ya Uria, na maafa ya nyumba yake yalitabiriwa kuwa adhabu. Daudi anaokolewa na kuhukumiwa kwa wakati mmoja, na ushindi wake unaishia katika kilio cha mzazi.

Mifano hii mitatu ndiyo kipimo kitakachotumika hapa. Swali litakuwa wapi habari za njama zinatoka, nani analipa gharama ya kuokoka, na je, yupo wa kumkemea aliyeokoka?

3.0 Itabwa: mishale na bunduki zilizoshindiliwa

Tukio la kwanza kubwa la hiana katika tawasifu liko mbali kidogo na Maniema, katika nchi ya Itabwa, kusini magharibi ya ziwa Tanganyika. Lakini ndilo lililomfungulia msimulizi njia ya kufika Maniema. Mwaka 1867 Tippu Tip, ambaye bado alikuwa kijana, alikwenda kwa mtemi Nsama, mtu mwenye sifa ya kutisha ambaye wafanyabiashara waliomtangulia walikwisha kupata hasara mikononi mwake. Alipoingia kwa mwenyeji wake kwa habari za pembe alishambuliwa ghafla kwa mishale na kujeruhiwa. Vita vilivyofuata vikaishia kwa kushindwa kwa Nsama na kutekwa kwa pembe nyingi. David Livingstone alipita sehemu hizo mwaka huohuo, na katika shajara yake aliandika habari za vita hivyo na za mapatano yaliyofuata.

Msimulizi wa tenzi angelifanya tukio hili kuwa muujiza: wachache dhidi ya wengi, mgeni dhidi ya mwenyeji mhaini, na mshale uliokosa moyo. Tippu Tip hafanyi hivyo. Jina la Mungu halikosi katika kinywa cha Mwislamu anayesimulia kuponea chupuchupu, lakini ni tamko fupi la adabu. Uzito wote umewekwa penginepo: watu wake walikuwa tayari, bunduki zilikuwa zimekwisha shindiliwa, na hasara na faida zinatajwa kwa hesabu. Nathari yake ni ya mtu aliyezoea kuandika daftari la mali. Sentensi ni fupi, vitenzi vinafuatana kwa kiambishi -ka-, na hisia hazipewi nafasi.

Mtindo huu unaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwanza, ni ukweli wa kupendeza, kwa sababu msimulizi hamsingizii Mungu kazi ya baruti. Pili, ni ukimya unaomfaa msimulizi. Hiana ya Nsama inapewa tamko moja na kufungwa, nayo inahalalisha yote yanayofuata: mateka, pembe, na kuvunjwa kwa utawala wa nchi. Je, Nsama aliona nini alipowaona wageni wenye silaha wakiingia bomani mwake? Maandishi hayaulizi. Upande mmoja ndio unaosema, na kwa hiyo jambo ambalo lingeweza kuwa hiana baina ya watu wawili limekwisha kuwa uhaini dhidi ya mtu ambaye wakati huo hakuwa bado na dola.

4.0 Kasongo Rushie: undugu kama ufunuo

Tukio la pili ndilo kiini cha tawasifu. Katika safari yake ya magharibi ya Lualaba, msimulizi alipata habari za mtemi mzee wa Utetera aitwaye Kasongo Rushie, ambaye hapana budi kutofautishwa na mji wa Kasongo. Dada zake mtemi huyo walichukuliwa zamani na maadui. Tippu Tip alipofika kwake alidai kwamba mmoja wa dada hao aliangukia katika nyumba ya babu yake mzaa mama, na kwamba yeye mwenyewe ni wa uzao huo. Mzee alimpokea kama damu iliyopotea ikarudi, akamwachia utawala.

Wanahistoria kwa jumla wameliona dai hili kuwa hila. Mpangilio wa masimulizi unaelekeza huko pia, kwani habari ya dada waliopotea inamfikia msimulizi kwanza, na undugu unadaiwa baadaye. Kwa mhakiki, hata hivyo, jambo la kuvutia si kama alidanganya. La kuvutia ni umbo la udanganyifu huo. Ni umbo la hadithi ya majaliwa: mtoto aliyepotea, dalili inayomtambulisha, mzee anayengojea bila kujua anamngojea nani, na kiti kinachokabidhiwa bila damu. Msikilizaji wa Yusufu na ndugu zake analitambua mara moja. Tippu Tip hakungojea kudra imjengee hadithi; alichukua maneno aliyoyasikia njiani akaijenga mwenyewe, kisha akaingia ndani yake.

Hapa linganisho na mifano ya awali linatoa matunda. Katika tenzi habari za siri zinaletwa na malaika. Katika Samweli zinaletwa na Hushai kwa niaba ya mfalme halali. Katika tawasifu hii zinaletwa na wasafiri na mateka wasiojua zitatumiwaje, na anayezipokea ndiye anayejitwalia uhalali. Kuanzia hapo msamiati wa msimulizi unabadilika. Anayempinga katika nchi hiyo hapingi tena mfanyabiashara mgeni, anapinga mrithi wa Kasongo Rushie. Hila ya mtawala inaitwa akili, na hila ya mtawaliwa inaitwa hiana. Kitendo ni kilekile, na linalobadilika ni nani anashika kalamu.

Inafaa kuikabili hoja ya upande wa pili. Msomaji mcha Mungu anaweza kusema kwamba Mungu hutumia njia anazopenda, hata hila ya mwanadamu, na kwamba kisa cha Hushai kinathibitisha hivyo. Hoja hii ni nzito na haiwezi kupuuzwa. Lakini kisa hichohicho ndicho kinachoonyesha kilichopungua katika tawasifu. Hushai alidanganya kumwokoa mfalme ambaye nabii alikwisha kumkemea. Katika Utetera hakuna Nathani. Kasongo Rushie anakabidhi na kupotea katika masimulizi. Dada waliochukuliwa, ambao machungu yao ndiyo mtaji wa hadithi nzima, wanabaki majina tu.

5.0 Unguja, 1886: mtawala asiyelindwa

Ipo sehemu moja ambapo tawasifu inakaribia kutoa hukumu, na ni ajabu kwamba haiko Maniema. Mwishoni mwa mwaka 1886 Tippu Tip alifika Unguja na kukutana na Sultani Barghash bin Said. Ulikuwa mwaka wa mapatano ya Uingereza na Ujerumani yaliyoipunguza milki ya Sultani katika bara hata ukanda wa maili kumi za pwani. Katika masimulizi, Barghash anamwambia mgeni wake kwamba hana tena haja na bara, kwani Wazungu wanataka hata Unguja yenyewe, na kwamba waliokwisha kufa ndio waliopata raha. Msimulizi anaeleza kuwa aliposikia hayo alitambua kwamba mambo yao yamekwisha.

Sehemu hii ni fupi, na nguvu yake inatokana na ufupi huo. Kwa mara ya kwanza mtawala anaonekana akiwa hana njama ya kufichua wala mhaini wa kumwadhibu. Adui yake amekuja na kalamu na ramani, mchana kweupe. Lugha ya hiana haifai tena, kwa kuwa aliyemnyang'anya hakuwahi kuwa chini yake. Lugha ya kudra ingefaa, lakini Barghash haitumii kujifariji. Anaitumia kuwaonea wivu wafu. Mwaka uliofuata, 1887, Tippu Tip akakubali kuwa wali wa Mfalme Leopold II katika maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa kila mwezi. Msimulizi anaonyesha kwamba Sultani aliridhia. Kwa Waarabu na Waungwana wengine wa bara jambo hilo lilikuwa na harufu ya hiana, na sasa mwenye kuwahukumu wengine alikuwa ameketi mahali pa kuhukumiwa.

6.0 Nje ya kitabu: Ngandu, Kasongo, Kabambare

Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890 na hakurudi tena; alifariki Unguja mwaka 1905. Vita vilivyoimaliza milki yake havikusimuliwa kwa macho yake, na kwa sababu hiyo havipati katika tawasifu uhai uliopewa vita vya Itabwa. Kudra ya kitabu hiki inafanya kazi pale tu alipo msimulizi. Haina budi basi mhakiki kutazama nje ya kitabu ili aone kilichoachwa.

Ngongo Lutete aliwahi kuwa mtumwa, kisha akawa jemadari wa Tippu Tip katika nchi za Lomami. Mwaka 1892, baada ya kushindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, alihamia upande wa dola hiyo. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, alimhesabu kuwa mhaini na vita vikaanza. Majeshi ya Francis Dhanis, yakisaidiwa na watu wa Ngongo, yaliteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu aliuawa vitani mwezi wa Oktoba mwaka huo, na Kabambare pakatekwa Januari 1894.

Kabla ya hapo, Septemba 1893, maofisa wa dola hiyohiyo aliyoipigania walimshtaki Ngongo Lutete huko Ngandu kwamba anafanya njama dhidi yao, wakampiga risasi. Sidney Hinde, tabibu Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, alimwona kuwa mtu aliyetumikia kwa uaminifu. Basi mtu mmoja aliitwa mhaini mara mbili katika muda wa mwaka mmoja, na pande mbili zilizokuwa zikipigana. Hakupata pango wala mkate wenye tupa. Askari waliokuwa watu wake waliasi Luluabourg Julai 1895. Uasi mwingine ulizuka mwaka 1897 katika msafara wa Dhanis wa kaskazini, na Novemba 1898 waasi hao wakaishika Kabambare yenyewe. Dola iliyodhani imejiokoa na njama ilikuwa imejitengenezea maadui ambao hapo awali hawakuwako.

Kisa hiki ndicho hukumu inayokosekana katika tawasifu. Kinaonyesha kwamba tuhuma ya uhaini haihitaji mhaini. Inahitaji mtawala mwenye hofu na mtuhumiwa asiye na msimulizi. Ngongo Lutete hakuacha kitabu. Lau angeliacha, huenda naye angelieleza jinsi Mungu alivyomwokoa na wengi kabla ya siku ya Ngandu, na sisi tungelijifunza kusoma maneno hayo kwa tahadhari ileile.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu haukusudii kuishusha tawasifu ya Tippu Tip. Kama nathari ni kazi ya daraja la juu: ina mwendo, ina ukavu wenye heshima, na haijifichi nyuma ya miujiza. Kinachodaiwa ni kwamba isisomwe kana kwamba kuokoka kwa msimulizi ni ushahidi wa haki yake. Wanaosimulia kulindwa ni wale waliobaki hai, na kila hadithi ya ulinzi huacha nyuma yake watu waliolipa: watu wa Itabwa, dada za Kasongo Rushie, wapagazi wasiotajwa majina.

Suala hili si la kale tu. Tarehe 2 Juni 1966 mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba akiwa mmoja wao, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa kwa shtaka la njama dhidi ya Mobutu. Katika miaka ya sabini televisheni ya taifa ilimwonyesha kiongozi huyo akishuka kutoka mawinguni. Alipinduliwa Mei 1997. Laurent-Désiré Kabila aliyemrithi, ambaye hapo awali aliongoza waasi katika milima ya Fizi, jirani na Kabambare, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe Januari 2001. Lugha ya mtawala aliyeteuliwa na Mungu na kuzungukwa na wahaini bado inaeleweka Maniema kama ilivyoeleweka wakati wa misafara.

Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili huko ana nafasi ambayo mwenzake wa pwani hana. Kiswahili chenyewe cha Maniema, pamoja na Uislamu wa Kasongo, ni urithi wa dola ileile ya Tippu Tip, na darasani hukaa wajukuu wa Waungwana pamoja na wajukuu wa waliotekwa. Mji wa zamani wa Kasongo unaitwa Tongoni, jina linalomkumbusha msikilizaji wa pwani neno tongo, yaani mahali palipohamwa. Mwanafunzi aisome tawasifu akiwa na tongo hilo mbele yake, na kila msimulizi anapomtaja mhaini, aulize mhaini huyo angesemaje. Swali hilo ndilo ambalo Nathani alimfikishia Daudi kwa mfano wa mwana-kondoo wa maskini, na hakuna mtu katika tawasifu hii aliyepewa nafasi ya kumfikishia Tippu Tip.